Namna ya kulinda mahindi na masaka ya kimea bila gharama kubwa



Huku Kilwa, na kwa vijiji vingine vya kandokando ya ziwa Moero, kisha kuvuna tunagawanya mahindi mafungu mawili. Yale mazuri ni ya bukari na ya kuuzisha ku soko. Yale yenye kutobolewa ao kuoza, mara nyingi tunasikia: «Aya, haya ni ya pombe.» Desturi ile inaleta hasara mara mbili: ya franga na ya afya. Tuone juu ya nini, kisha tuone namna ya kufanya na vyombo vyenye tuko navyo nyumbani.

Kimea kinaomba punje yenye uhai

Munkoyo inapikwa na uji wa unga, na ile mizizi ndiyo inaulegeza. Lakini pombe ya masaka, ya ulezi ao ya mahindi inaomba kimea. Punje ikiota, inatoa nguvu ya kugeuza unga kuwa sukari, na sukari ndiyo inakuwa pombe. Punje yenye fukusi amekula moyo wake haioti. Mu maji inaoza tu. Mama anapoteza nafaka, kuni na siku zake, na pombe inakuwa chachu bila nguvu.

Sumu ya kuvu haiishi mu chungu

Mahindi yenye kuwekwa na unyevu yanaota kuvu, na kuvu fulani inatoa sumu yenye kuitwa aflatoksini. Kupika hakuimalizi, kuchachisha pia hapana. Mu mwaka 2004, kule Kenya, watu 317 waligonjwa na 125 kati yao walikufa juu ya mahindi ya namna hiyo. Hata kidogo kidogo, kwa miaka mingi, inaharibu maini. Basi punje yenye kuvu isiende mu pombe, na machicha yake yasipewe nguruwe wala kuku.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Kausheni mahindi na masaka juu ya shitingi ao mkeka, si juu ya udongo. Mutandaze nyembamba, mugeuze mara kwa mara, mufunike magaribi juu ya umande. Bati lenye kuwaka jua linaweza kuua moyo wa punje. Musikaushie hapo nafaka ya kimea.

2. Pimeni na chumvi. Mutwae chupa kavu kabisa, mutie punje mpaka robo, na vijiko vidogo 3 vya chumvi kavu. Mutikise kwa dakika chache, kisha muache dakika 15. Chumvi ikishikamana na chupa, nafaka ingali mbichi: irudi ku jua. Isiposhikamana, muongeze tena siku moja ya jua ndipo muifunge.

3. Chagueni. Pepeteni, mutoe punje zenye kuvunjika, zenye kutoboka na zenye kubadilika rangi.

4. Jazeni bidoni. Bidoni ya mafuta ya kula ya litre 20, yenye kuoshwa na kukauka vizuri, inabeba mahindi kilo 15 hivi. Mutikise na kujaza mpaka ku shingo, pasibaki nafasi ya hewa. Mufunge kizibo na kipande cha mupira wa kinga ao nta ya buji. Vidudu vyenye kubaki ndani vinamaliza hewa, vinaacha kula, vinakufa. Hakuna dawa ya kununua. Musifungue mbele ya mwezi moja kupita.

5. Wekeni kwa kivuli, juu ya mbao, mbali na moto.

Bidoni tano zinatosha kilo 75. Kwa nafaka nyingi, koperativi inaweza kununua pamoja mifuko ya PICS: sashe mbili ndani, mufuko mugumu inje. Ikichungwa na panya, inatumika musimu zaidi ya moja.

Mbele ya kulowesha

Muhesabu punje 100, muzifunge mu kitambaa chenye maji kwa siku 4. Zikiota 90 ao zaidi, ni kimea kizuri. Zikiota chini ya 80, lakini punje ni safi, mupeleke ku mashine kwa unga; musipoteze kuni.

Tunakataza kabisa

- Bidoni yenye ilibeba esansi, petroli ao dawa ya shamba, hata ikioshwa mara kumi.
- Mbegu yenye kupakwa dawa ya rangi. Ile ni ya kupanda tu, kuiosha hakutoshi.
- Kufunga nafaka yenye unyevu mu bidoni: inapoteza uhai wake ndani.

Ya kuzungumza mu mukutano

Mwaka uliopita, kati ya nafaka yenye mulilowesha, ngapi haikuota? Nani kwetu ana bidoni zisizo na kazi? Kila kikundi kianze na bidoni moja musimu huu, kiifungue mwezi wa 12, wakati bei inapanda, na kihesabu punje 100 mbele ya wengine.