Mwana Kupona: Jina na Maana Yake

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amekutana na jina Mwana Kupona. Utendi aliomtungia bintiye mnamo mwaka wa 1858 umehakikiwa mara nyingi mno. Ajabu ni kwamba jina hili, lililo maarufu darasani, ni nadra kupewa mtoto wa kike azaliwaye leo.

Aghalabu hufasiriwa kuwa 'mtoto wa kupona'. Kosa hili lina chanzo chake: wanafunzi wamezoea mwanachama na mwanasiasa, na katika Kiswahili Sanifu mwana ni mtoto. Hata hivyo, katika lahaja za kaskazini, Kiamu na Kipate, mwana lilikuwa pia neno la heshima kwa mwanamke mwungwana, kama lilivyokuwa bwana kwa mwanamume. Mume wa malenga huyu aliitwa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu. Binti yao aliitwa Mwana Hashima. Iwapo mwana hapo ni 'mtoto wa', basi Hashima atakuwa nani, ilhali mamake binti huyo ndiye Kupona? Mapokeo ya Mombasa nayo yanamtaja malkia Mwana Mkisi.

Baadaye neno hilo la heshima liligandamana na majina. Mwana Aisha akawa Mwanaisha. Na pale ambapo mvulana huitwa Juma au Hamisi, msichana huitwa Mwanajuma au Mwanahamisi. Hapa mwana limekuwa alama ya jinsia tu.

Jina lenyewe, basi, ni Kupona. Kitenzi -pona kina maana mbili zinazokaribiana: kupata afya baada ya maradhi, na kuokoka katika hatari, kama isemwavyo kuponea chupuchupu. Kwa hiyo Kupona linaweza kuwekwa katika kundi la Tabu, Shida na Salama, majina yanayohifadhi hali ya nyumba wakati mtoto alipozaliwa. Nani alipona, mama au mtoto? Jina halisemi.

Maana hizo mbili zina uzito katika uhakiki. Mtunzi alitunga akiwa mgonjwa, naye akafariki takriban mwaka wa 1860. Kupona kwa maana ya kwanza hakukumfikia. Maana ya pili ndiyo anayomwachia bintiye: njia ya kuokoka duniani na akhera. Wahakiki wanaouona utendi huu kuwa orodha ya amri za kumtii mume wana ushahidi wao, maana amri hizo zimo tele. Wanachokipuuza ni sauti ya mgonjwa aliyefiwa na mume miaka miwili tu kabla, anayemwandaa mtoto kuishi bila mama. Na jina la mgonjwa huyo, likiandikwa 'Mwanakupona' kwa neno moja kama ilivyo katika tahakiki kadhaa, humfanya msomaji amwone mtoto pale aliposimama bibi.