UVIMBE WA MFUPA: MBONA HURUDI HATA BAADA YA KUPASULIWA?

Mwalimu wa Baiolojia akitaja tu neno uvimbe, darasa zima hunong'ona, "Saratani hiyo!" Hata mimi nilidhani hivyo hadi kaka yangu mkubwa alipoanza kuchechemea. Alikuwa na umri wa miaka 26. Mara alisema ni mpira uliomuumiza, mara akasema ni baridi. Jirani mmoja akamkanda goti kwa mafuta ya moto miezi mitatu. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku moja alijikwaa mlangoni tu, na mfupa wenyewe ukapata ufa kwelikweli!

Picha ya eksirei ilionyesha shimo jeusi kwenye ncha ya mfupa wa paja, karibu na goti. Kipande kidogo kilitolewa, kikatazamwa kwa darubini. Jawabu lilikuwa uvimbe wa seli kubwa. Daktari alitwambia, "Hii si saratani, lakini si jambo la kupuuzwa." Nikaanza kusoma na kuuliza. Niliyoyapata ndiyo haya.

AINA ZA UVIMBE

Uvimbe wa mfupa usio saratani uko wa aina nyingi. Nitataja tatu.

(a) Osteokondroma. Huu ndio unaopatikana zaidi. Ni kinundu cha mfupa kilichovaa kofia ya gegedu. Hukua pamoja na mtoto, na mtoto akikoma kurefuka nacho hukoma. Kisipomsumbua mtu huachwa. Kikikatwa pamoja na kofia yake yote, ni nadra kurudi. Lakini kikianza kukua kwa mtu mzima, lazima kichunguzwe upesi.

(b) Osteoidi osteoma. Huu ni mdogo, kwa kawaida hauzidi sentimita 2, lakini maumivu yake ya usiku si mchezo! Aspirini huyatuliza. Kiini chake kikitolewa au kikichomwa kwa sindano ya joto, mgonjwa hulala usingizi.

(c) Uvimbe wa seli kubwa. Huwapata sana watu wa miaka 20 hadi 40, hasa karibu na goti au kifundo cha mkono. Hula mfupa kutoka ndani hadi ukabaki kama ganda la yai. Mara chache chembe zake hufika hata mapafuni, ijapokuwa si saratani.

UPASUAJI HUFANYWAJE?

Tuchukue huu wa tatu. Daktari hukata dirisha kwenye mfupa. Dirisha likiwa dogo, pembe za ndani hazionekani, kwa hivyo hulifanya kubwa. Kisha hukwangua uvimbe kwa kijiko chenye makali. Baadaye huchukua keekee inayozunguka kwa kasi, akachimba kuta za shimo hadi afikie mfupa mzima. Wengine hupaka fenoli ili kuua chembe zilizosalia.

Shimo halibaki wazi. Hujazwa mfupa mwingine, kwa mfano uliotolewa nyongani, au saruji ya mfupa. Msidhani ni ile ya kujengea nyumba! Hii hukandwa kama unga, na ikigandamana hutoa joto. Huupa mguu nguvu mara moja. Tena kwenye eksirei huonekana nyeupe, kwa hivyo uvimbe ukirudi huonekana kama mstari mweusi kando yake.

MBONA HURUDI?

Nani hajawahi kung'oa ndago shambani? Unavuta majani, unajisifu, kumbe kiazi kimebaki ardhini. Mvua ikinyesha, ndago hiyo! Ndivyo ulivyo uvimbe huu. Chembe chache zikisalia kwenye pembe ya shimo, huanza upya. Zamani, ulipokwanguliwa tu bila keekee wala dawa, ulirudi kwa wagonjwa wengi, hata 3 hadi 5 kati ya 10 katika ripoti nyingi. Njia za siku hizi zimepunguza idadi hiyo, lakini hazijaimaliza.

Basi mbona wasikate ncha yote ya mfupa? Hukatwa, uvimbe ukiwa umeharibu sana. Hapo kurudi huwa nadra, lakini mgonjwa hupoteza kiungo chake cha asili na kuwekewa cha chuma. Kijana wa miaka 26 akibakiwa na goti lake, si haba.

Kuna pia dawa ya sindano iitwayo denosumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa uvimbe huu. Huutuliza, lakini mara nyingi dawa ikikoma uvimbe huamka. Haijachukua nafasi ya kisu.

YALIYOMPATA KAKA

Kaka alipasuliwa, akatembea. Akaambiwa arudi kliniki kila baada ya miezi michache, maana uvimbe huu hupenda kurudi katika miaka 2 au 3 ya kwanza. Alienda mara mbili. Kisha akasema, "Nimepona bwana, ya nini kupoteza nauli?" Mwezi wa kumi na nne maumivu yakarudi. Eksirei ikaonyesha mstari mweusi kando ya saruji. Mama akauza mtamba aliyekuwa karo yangu ya muhula wa pili, kaka akapasuliwa tena. Nauli aliyoiokoa haikutosha kununua hata kamba ya mtamba huyo.

Siku hizi anatembea, anachechemea kidogo, na kadi ya kliniki naitunza mimi! Nawe msomaji, ukiwa na kinundu kinachokua au maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku, usikandwe. Mwambie mzazi au mwalimu, ukapigwe picha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini dirisha la mfupa hufanywa kubwa?
2. Taja faida mbili za saruji ya mfupa.
3. "Kupona si kuacha kliniki." Jadili.

Tamati.