KUIHUDUMIA JAMII NI MLANGO WA ELIMU



Wengi hudhani ufadhili wa chuo hupatikana kwa alama za mtihani peke yake. Alama ni sharti, lakini wafadhili wengi huuliza pia: umewafaa nini wenzako? Mfano ni mpango wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, ulioanzishwa mwaka 1983 kwa Waislamu wa nchi zisizo wanachama, kama Tanzania. Kwa mwanafunzi ulikuwa mkopo usio na riba. Alipopata kazi aliurejesha ili wengine nao wasome.

Basi tuanze sasa:
1. Wafundishe wadogo zako Juzuu Amma au Hisabati.
2. Ongoza usafi wa mtaa wenu.
3. Andika daftarini tarehe, kazi na msimamizi wake. Usiandike usilolifanya, huo ni uongo.

Je, nia? Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, watu walifukua kifusi kwa mikono kuwaokoa wenzao. Hawakungoja cheti. Tufanye kwa ajili ya Allah kwanza. Ufadhili ukija ni riziki, usipokuja thawabu haipotei.

Wabillahi tawfiq.