Kazi Zipangwe kwa Hatua, Si kwa Majina

SWALI: Tuna kampuni ndogo ya ujenzi na tunatumia programu ya Trello kupanga kazi kwa kadi. Kila fundi ana orodha yake, lakini hatujui nyumba ipi imefika wapi. Tupange vipi?

JIBU: Acheni orodha za majina. Zinaonyesha nani ana kazi nyingi, hazionyeshi kazi imekwama wapi, na kwenye ujenzi kukwama ndiko kunakokula fedha. Kadi ya "Plasta, chumba cha watoto" ikikaa wiki nzima kwa fundi, utajuaje kama anasubiri saruji, kama fundi umeme hajamaliza kupitisha mabomba ya nyaya ukutani, au kama kazi imekwisha na hakuna aliyeikagua?

Fungueni orodha tano: Inasubiri Vifaa, Tayari Kuanza, Inafanyika, Ikaguliwe, Imekwisha. Kadi ihame kila hatua inapobadilika. Mtindo huu asili yake ni viwanda vya Toyota nchini Japani, ambako Taiichi Ohno alitumia kadi kuhakikisha kila kituo kinatengeneza kile tu ambacho kituo kinachofuata kinahitaji.

Nyumba ipewe lebo ya rangi, na fundi aongezwe kwenye kadi yenyewe. Akitaka kuona kazi zake peke yake, achuje kwa jina lake.

Ninalowasihi zaidi ni kuweka kikomo kwenye Inafanyika: kadi mbili kwa fundi, basi. Na kila asubuhi msimamizi aanze na Inasubiri Vifaa, apige simu dukani kabla mafundi hawajafika saiti.