Soma Omu Kabla ya Wati: Kuchagua Amplifaya ya Gari Inayolingana na Spika

Magari mengi ya mtumba kutoka Japani hufika Tanzania na tatizo moja linalojulikana. Redio zake zilitengenezwa kushika FM kati ya megahezi 76 na 90, ilhali stesheni za hapa nchini hurusha kati ya 88 na 108. Mwenye Noah au Probox inayobeba abiria kati ya Ihanja na Singida mjini hana namna, anabadili redio. Redio mpya ikishafungwa anatamani spika mpya, na spika zikipatikana anaambiwa sasa anahitaji amplifaya. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa dukani huulizwa mambo mawili tu: bei gani, na wati ngapi. Swali la omu, ambalo ndilo lingeokoa fedha hizo, halitajwi kabisa.

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme usipite kwa wingi. Kipimo hicho kina jina la Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Spika za milango ya gari kwa kawaida ni za omu 4. Za nyumbani nyingi ni za omu 8 au 6. Sabufa za gari hupatikana za omu 4, 2, hata 1. Namba hiyo huandikwa nyuma ya spika, kwenye sumaku, na mnunuzi ana haki ya kuitazama kabla ya kutoa hela.

Kadiri omu zinavyopungua, ndivyo amplifaya inavyolazimika kutoa umeme mwingi zaidi. Ndiyo maana kila amplifaya ina kiwango cha chini cha omu inachoweza kuhimili, na kiwango hicho huandikwa kwenye kitabu chake au karibu na matundu ya nyaya za spika. Ikifungiwa spika zenye omu pungufu ya hapo, hupata moto, hujizima katikati ya wimbo, na mwishowe transista zake huungua. Omu zikizidi, hakuna kinachoharibika. Mtu aliyetoa spika za omu 8 sebuleni na kuzifunga garini atapata takriban nusu ya nguvu ambayo angepata kwa spika za omu 4, basi. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa: spika za gari za omu 4 kwenye redio ya nyumbani inayodai omu 8.

Makosa mengi hutokea pale spika mbili zinapofungwa kwenye tundu moja. Zizi lenye milango miwili hutoa ng'ombe wengi kwa wakati mmoja kuliko lenye mlango mmoja. Spika mbili zilizofungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, nazo hufungua njia mbili za umeme. Spika mbili za omu 4 zikifungwa hivyo hubaki omu 2. Zikifungwa kwa mfuatano, hasi ya kwanza ikiingia chanya ya pili, huwa omu 8.

Sabufa zenye koili mbili, yaani nyaya mbili zilizozungushwa ndani ya sabufa moja, zinahitaji umakini zaidi. Tuseme mteja ana sabufa mbili, kila moja ikiwa na koili mbili za omu 4. Fundi akizifunga koili zote nne sambamba, amplifaya itakutana na omu 1. Akifunga koili za kila sabufa kwa mfuatano, kisha sabufa mbili hizo sambamba, itakutana na omu 4. Vifaa ni vilevile na nyaya ni zilezile, ila amplifaya iliyoandikwa mwisho omu 2 itaungua katika ufungaji wa kwanza na kudumu miaka katika wa pili. Pia chaneli mbili zinapounganishwa ziendeshe sabufa moja, amplifaya nyingi hudai omu 4 au zaidi, kwa sababu kila chaneli huona nusu tu ya omu hizo.

Kama maandishi yamefutika, mita ya fundi itasaidia, mradi nyaya za spika zimetolewa kwanza. Spika ya omu 4 kwa kawaida husoma kati ya 3 na 4. Hiyo si hitilafu. Mita hupima ukinzani wa waya wa koili peke yake, na muziki unapopita ukinzani hupanda na kushuka.

Baada ya omu, ndipo wati. Boksi la redio ya gari likiandikwa wati 50 mara nne, mnunuzi asilipokee hivihivi. Kwa volti 14.4, redio isiyo na kipandisha volti haiwezi kutoa sauti safi inayozidi wati 26 hivi kwenye spika ya omu 4. Namba ya kuaminika ni ile yenye herufi RMS, yaani nguvu ya mfululizo, si ile ya MAX, yaani ya kilele. Na kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa shida.

Umeme nao lazima utoke mahali. Amplifaya ya kizamani inayotoa wati 300 kwa ufanisi wa nusu huvuta kama ampea 43 kutoka kwenye betri. Ya kisasa ya daraja D, yenye ufanisi wa asilimia 80, huvuta kama 27. Waya mwembamba utachemka. Fyuzi iwekwe karibu na betri, ndani ya sentimita 45, ili waya ukichubuka usiwashe gari moto. Wenye Fuso zinazobeba alizeti wakumbuke kwamba malori hayo hutumia volti 24. Amplifaya ya volti 12 haifungwi humo moja kwa moja, wala isivute umeme kwenye betri moja kati ya mbili, kwani betri hizo zitachajiwa bila uwiano na moja itakufa mapema. Kinahitajika kipunguza volti chenye ampea za kutosha.

Sauti kubwa nayo ina mipaka. Magari ya matangazo yako chini ya kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015. Dereva mwenyewe yuko hatarini: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80.

Kabla ya kupanda gari kwenda Singida mjini kununua, andika kwenye karatasi omu za kila spika, idadi ya koili, wati zake za RMS na volti za gari lako. Mpe muuzaji karatasi hiyo, na umtake akuonyeshe kwa maandishi omu za chini ambazo amplifaya yake inahimili. Asipoweza kukuonyesha, usinunue.