Kabla ya Safari, Choma Nakala Mbili
Namna ya kuhamisha video za familia kwenye DVD, kwa anayeondoka na kwa anayebaki

Kaseti ililetwa kwangu imeviringwa ndani ya kipande cha kitenge. Ni ya harusi iliyofanyika Bukavu. Ilivuka mpaka ndani ya sufuria pamoja na vyeti vya ubatizo, kisha ikakaa miaka hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, bila mashine ya kuichezesha. Sasa mwenye kaseti ana tarehe ya ndege ya kwenda Marekani, yeye na wanawe. Mama yake mzazi anabaki hapa hapa Nakivale, upande wa Base Camp. Mwenye kaseti akaniuliza, "Papa, kaseti ni moja. Nani aibebe?"

Nakivale imekuwa ikipokea watu na kuwaaga tangu mwaka 1958, na katika kila familia inayogawanyika swali hilo linarudi. Jibu langu halibadiliki: asiondoke mtu na nakala pekee, wala asibaki nayo mtu mmoja. Choma mbili, moja iende na moja ibaki.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na DVD ilhali simu zipo. Mfikirie koko, yaani bibi, anayebaki. Hana simu kubwa wala pesa ya bando, lakini kwa jirani kuna televisheni na deki inayotumia sola. Diski ataiingiza, atabonyeza, atawaona watu wake. Ila tuelewane: DVD ni ya kutazama. Akiba yenyewe ni faili la MP4, na hilo lihifadhiwe kwenye flashi mbili tofauti.

Kusanya video zenyewe

Usichukue video iliyopita WhatsApp, kwa sababu imeshabanwa na kwenye televisheni sura zitaonekana kama zimefunikwa na ukungu. Mtafute aliyeirekodi akupe faili la asili kwa waya, kwa memori kadi au kwa programu ya Xender. Akiwa mbali, aitume WhatsApp kama dokumenti, si kama video. Andaa nafasi ya kutosha: saa moja ya video safi ya simu inaweza kuzidi GB 7.

Kama ni kaseti

Ifungue kidogo uikague kwenye mwanga. Ukiona vumbi jeupe kwenye ukanda, hiyo ni kuvu. Usiiingize kwenye mashine yoyote, kwani itaharibika na kuchafua mashine, na kuvu itahamia kwenye kaseti nyingine. Mpelekee fundi anayejua kusafisha.

Ikiwa safi, ipeleke mbele mpaka mwisho, kisha irudishe mwanzo, ndipo uicheze. Ukanda uliokaa miaka bila kuguswa hushikana, na kuuzungusha hivyo huulegeza. Halafu unganisha kamera au deki na kompyuta kwa kile kifaa kidogo cha USB chenye waya tatu: wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Kaseti haina haraka. Ya saa moja itachukua saa moja kuingia, kwa hiyo hakikisha betri imejaa.

Pima muda kabla ya kupanga

DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Kwa saa moja picha hutoka vizuri sana, na kwa saa moja na nusu bado ni nzuri. Ukifika saa mbili, simama hapo. Kujaza saa nne za harusi kwenye diski moja ni kuiharibu harusi. Gawanya: kanisa diski ya kwanza, ukumbini diski ya pili.

Video za simu zina tatizo lake: mara nyingi idadi ya picha kwa sekunde hupanda na kushuka, na mwishoni midomo haiendi sawa na sauti. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, uchague idadi isiyobadilika ya picha kwa sekunde. Iliyorekodiwa simu ikiwa wima itapata weusi pande mbili. Iache hivyo, usiivute ijae kioo ukanenepesha sura za watu.

PAL au NTSC: hapa ndipo wengi hukosea

Hata mimi nilikosea. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilichomea familia moja diski tatu, nikazijaribu, zikacheza vizuri. Walipofika Marekani deki ya huko ikazikataa, na nakala nyingine haikuwepo. Diski zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa la kwangu, sikuuliza wanakwenda wapi.

Televisheni za Uganda hufuata mfumo wa PAL: mistari 576, picha 25 kwa sekunde. Marekani na Kanada hufuata NTSC: mistari 480, picha karibu 30 kwa sekunde. Deki zetu nyingi hucheza zote mbili, lakini nyingi za Marekani hazichezi PAL. Kwa hiyo ya koko ichome kwa PAL na ya msafiri wa Marekani au Kanada kwa NTSC. Anayekwenda Australia, Norwei au Uswidi, mpe PAL.

Kuchoma

Mimi hutumia DVDStyler, ambayo ni ya bure. Unapoanza, inakuuliza ukubwa wa diski, PAL au NTSC, na umbo la kioo: 4:3 kwa kaseti za zamani, 16:9 kwa video za simu. Vuta mafaili, yapange, weka menyu fupi yenye maandishi makubwa ambayo mzee atayasoma.

Kisha usichome papo hapo. Iamuru kwanza itengeneze faili la ISO, yaani faili moja lenye diski nzima ndani yake. Kompyuta ya zamani inaweza kufanya kazi hiyo kwa saa kadhaa, na umeme ukikatika hujapoteza diski. ISO ikishakuwa tayari, unachoma nakala nyingi kadiri upendavyo, kila moja kwa dakika chache.

Nunua DVD-R, maana deki za zamani huzipokea kwa urahisi. Chagua kasi ya 4 au 8, hata kama kasha linaruhusu 16. Weka alama kwenye sehemu ya kuhakiki baada ya kuchoma. Usianze betri ikiwa chini, kwa sababu DVD-R iliyokatikia katikati hairudi. Ni ya kutupa.

Ukiipeleka studio Mbarara

Huna kompyuta? Studio za picha za Mbarara zinaifanya kazi hii. Sema wazi: "Nataka DVD ya kucheza kwenye deki." Usiposema, unaweza kupewa diski yenye mafaili tu, ambayo kompyuta inaisoma na deki inaikataa. Omba pia MP4 kwenye flashi yako. Kaseti iandike jina na namba ya simu kabla ya kuiacha.

Kisha omba wafute nakala zao mbele yako. Wengi wetu tuna watu ambao sura zao hazipaswi kuonekana ovyo. Video ya familia si tangazo la studio.

Kabla hujapanda taksi ya kurudi, ijaribu kwenye deki, si kwenye kompyuta iliyoichoma. Cheza mwanzo, katikati na mwisho, kwani kasoro hupenda kujificha ukingoni mwa diski.

Kuitunza

Ishike pembeni na katikati tu. Usibandike karatasi ya gundi, huifanya iyumbe inapozunguka. Andika kwa kalamu laini ya kuandikia CD, upande wa juu. Usiiache juani wala chini ya bati linalowaka, joto na mwanga huila rangi inayoshika picha. Msafiri aibebe kwenye mkoba wa mkononi. Mashine ya kukagua mizigo uwanjani haiidhuru.

Kazi ya mwisho ni ya mzee

Yule mama mwenye kaseti ya harusi alipokuja kuchukua diski zake, alikuja na mama yake. Tuliwasha deki. Kikongwe akakaa karibu kabisa na kioo, akaanza kugusa sura moja moja: huyu ni shangazi yako, huyu alikuwa mpiga kinanda, huyu ndiye aliyetupa ng'ombe wa mahari. Wajukuu hawakumjua hata mmoja. Nikampa binti kalamu na daftari akaandika: dakika ya 12, aliyevaa kofia nyeusi, jina, ukoo, kijiji.

Fanya hivyo nawe, kabla ya siku ya ndege. Nakili orodha mara mbili, moja kwenye kila kasha. Mashine zinaweza kuhamisha picha, lakini hayo majina yamo kichwani mwa anayebaki.