Kupatana, Kuelewana, Kupasiana: Kauli ya Kutendana katika Mabishano ya Mashabiki

Tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba kiambishi -an- huonyesha kutendana: A anamtenda B, naye B anamtenda A. Katika makala haya tutaipima kanuni hiyo kwa mabishano ya mashabiki wa mpira wa kikapu.

Tuchukue mfano wa Boston Celtics, timu ya ligi ya NBA huko Marekani, katika msimu wa 2021-22. Nyota wake walikuwa Jayson Tatum na Jaylen Brown. Mwanzoni mwa Januari 2022, baada ya michezo 39, timu ilikuwa imeshinda 18 na kushindwa 21. Mashabiki wakagawanyika: wengine walisema wawili hao wavumiliwe, wengine wakataka mmoja auzwe.

Wamarekani hulijadili jambo hili kwa nomino, wakiazima jina la somo la kemia, kana kwamba ni kitu ambacho watu wawili wanacho au hawana. Kiswahili hutumia kitenzi. Hapa Lubumbashi shabiki atauliza: «Banasikilizana?» Anayetumia kitenzi hulazimika kuchagua kipi, na kila kitenzi kinadai ushahidi wake.

Kwanza, kupatana. Mzizi ni pata, lakini maana imekwisha kuachana na mzizi: wanaopatana hawana ugomvi. Ushahidi wake uko nje ya uwanja.

Pili, kuelewana, ambako sisi husema pia kusikilizana. Hapa mzizi bado unaonekana: kila mmoja anajua mwenzake atakwenda wapi kabla hajakwenda. Ushahidi wake ni mwendo wa wachezaji.

Tatu, kupasiana, kitenzi kilichotokana na neno la mkopo pasi. Hiki kinahesabika: mpira umetoka kwa nani, umefika kwa nani.

Basi shabiki anayesema «ni marafiki» na yule anayejibu «hawapeani mpira» hawapingani. Mmoja anazungumzia kupatana, mwingine kupasiana, na wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli.

Tutazame pia kiima. «Brown na Tatum hawaelewani» huwagawia wawili lawama sawasawa. «Brown haelewani na Tatum» humweka Brown mbele peke yake, na Tatum anabaki nyuma ya na, kama mtu aliyefikwa na jambo. Tukio ni lile lile, lakini msikilizaji wa sentensi ya pili amekwisha kuonyeshwa wa kuuzwa.

Jambo la mwisho ni idadi. Novemba 2021, baada ya kushindwa na Chicago, mwenzao Marcus Smart alilalamika hadharani kwamba nyota hao hawatoi pasi vya kutosha. Wengi waliyasikia maneno hayo kama habari ya watu wawili. Lakini -an- haisemi ni wangapi wanaotendana. Uwanjani wako watano, na lalamiko la Smart lilihusu wote watano: mpira haukuwazungukia.

Celtics hawakumuuza yeyote kati ya hao wawili. Walimaliza msimu na ushindi 51 katika michezo 82, wakafika fainali, wakashindwa na Golden State 4 kwa 2. Mwaka 2024 Tatum na Brown walitwaa ubingwa, wakiifunga Dallas 4 kwa 1. Ushindi huo hautuambii kama wanapatana nyumbani. Unatuambia kwamba waliodai hawawezi kushinda pamoja walikosea, na kwamba swali lao halikuwa limetaja kitenzi.

Zoezi. Sikiliza mabishano ya mashabiki, ya mpira wowote. Andika kila kitenzi chenye -an-, kisha ujibu: mzizi bado una maana yake? Nani yuko kwenye kiima, nani nyuma ya na? Wanaotendana ni wangapi? Fanya vivyo hivyo siku utakapoambiwa kwamba fulani «haelewani na wenzake» darasani.